Majivu ya Mama Mkwe

Jumamosi jioni. Septemba inaelekea ukingoni.

Joto limeshuka. Mchana kutwa palikuwa na upepo wa vumbi kutoka upande wa mashamba, maana pamba imeshavunwa na ardhi imebaki wazi, lakini sasa umetulia na mimi nimekaa barazani na kikombe cha chai ya rangi. Kucha zangu zina udongo mweusi. Nimeamua niandike kwanza, kunawa baadaye.

Wiki hii nimepoteza karibu minyoo wangu wote.

Ajabu ni kwamba moyo umetulia, tena umetulia kuliko mwezi mzima uliopita. Nataka nielewe kwa nini, ndiyo maana ninaandika.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Bariadi mjini, na nyuma ya nyumba yangu nina kibustani kisichozidi ukubwa wa vitanda viwili vya kulalia. Udongo wake ni ule mchanga mwepesi tunaouita luseni, unakunywa ndoo ya maji na kukuomba nyingine. Mwaka juzi nilipanda mchicha ukatoka wa njano, mwembamba, unaonitazama kwa lawama. Afisa ugani mmoja, dada mcheshi niliyemshonea sare, ndiye aliyeniletea minyoo wekundu kwenye kopo la maziwa. Akaniambia hawa wanakula maganda yako ya viazi na kukutolea mbolea isiyo na mfano. Nikacheka. Nikachukua.

Nilikosea kila kitu ambacho mtu anaweza kukosea. Nilitoboa matundu chini ya beseni kubwa la bluu lililopasuka mdomo, hapo nilipatia. Kisha nikawapa samadi mbichi, ya moto, nikidhani nawakaribisha vizuri. Jioni ile wote walikuwa wamepanda ukingoni wakitafuta njia ya kutoka. Nikawatupia maganda ya malimao. Nikawamwagia maji hadi wakaogelea. Nikawaacha juani nikaenda harusini. Hadi leo sijui walivumilia vipi.

Polepole nikajifunza. Maboksi yaliyochanwachanwa na kulowekwa kwa chini. Samadi iliyokwisha kupoa. Maganda ya viazi vitamu yaliyokatwa madogo na kufukiwa pembe moja, wiki inayofuata pembe nyingine. Gunia lenye unyevu juu, na sinia la zamani la kufunikia ili kuku wasijichukulie kitoweo. Unyevu uwe kama wa nguo uliyokwisha kuikamua. Kilichotoka humo baada ya miezi kadhaa kilikuwa mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na mchicha wangu ukaacha kunilaumu.

Ninawapenda wale minyoo. Basi, nimesema.

Mwezi wa nane tukamleta mama mkwe. Alikuwa akiishi peke yake karibu na Malampaka, akateleza mlangoni kwake akaumia mguu, akalala chini hapo hapo hadi jirani alipokuja kuomba moto. Mke wangu Milembe aliposikia alipanda gari siku ile ile. Mama alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba mguu ukipona anarudi. "Mimi si mtu wa kukaa kwa mkwe," alisema, na kila tulipomwekea chakula alikipunguza kwanza kabla ya kula.

Milembe anajua, na mimi najua, kwamba akirudi kule, siku atakayoteleza tena huenda jirani asihitaji moto.

Tukampa chumba cha uani, jirani na jiko la nje. Na beseni langu linakaa kwenye kivuli cha jiko hilo hilo. Hapo ndipo hadithi ilipoanza.

Inabidi nieleze jambo la ukwe. Kwetu mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe hawazoeani. Simpi mkono. Sili naye, mimi nakula barazani, yeye anakula jikoni. Siingii alipokaa bila kukohoa kwanza, na tukikutana uani mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba alikuwa anaelekea upande mwingine. Vijana wengi wa mjini wameshaacha haya. Mama hajaacha, na kwa ajili yake mimi pia sijaacha. Anapotaka kuniambia kitu humwambia kuku.

"Kuku, mwangaluka. Mwenye nyumba kaamkaje?"

Nami najibu kutoka dirishani, nikitazama ukuta: "Mwambie mama, mhola, salama tu."

Tumeishi hivyo vizuri kabisa. Yule tetea mwekundu amebeba salamu nyingi kuliko simu yangu.

Wiki mbili zilizopita Milembe akaenda Nyalikungu, Maswa, kumsaidia dada yake aliyejifungua. Kabla hajapanda bodaboda alinivuta pembeni. "Baba Limi, nakuomba. Usiseme neno lolote litakalomfanya mama ajione mzigo. Anatafuta sababu tu ya kuondoka." Nikaahidi.

Siku chache baadaye nilifunua beseni nikakuta kitu cha kijivu juu ya gunia. Majivu. Sikuyatilia maanani, nikadhani upepo. Kesho yake yakawa mengi zaidi, yamepenya hadi ndani, na minyoo waliokuwa juu wamelegea, wamepauka rangi. Wengine walikuwa wameng'ang'ania ukingo kama siku ile ya samadi.

Asubuhi iliyofuata nilisimama dirishani na mswaki mdomoni. Nikamwona mama akitoka jikoni na sufuria ya majivu yaliyopoa. Alichechemea hadi kwenye beseni, akaweka sinia chini taratibu, akainua gunia, akanyunyiza. Hakumwaga. Alinyunyiza kwa vidole, pembe hadi pembe, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya mgeni. Kisha akafunika, akajipangusa mikono, akatazama dirisha langu.

Nikajificha nyuma ya pazia. Mtu mzima, na mswaki wangu.

Ningefanyaje? Mkwilima kumkosoa mama mkwe ni jambo zito, tena kumkosoa akiwa amekuja kwako kwa hisani. Nikafikiria kumpigia Milembe, nikaona mtu anayebembeleza kichanga cha watu asisumbuliwe na habari za minyoo. Nikafikiria kumtuma jirani yetu, Mama Kulwa, lakini Mama Kulwa ukimpa neno asubuhi, saa sita liko sokoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila sidhani kama wao walikuwa na mama mkwe uani.

Kwa hiyo nikafa na tai shingoni. Kila jioni nilipotoka kibandani, mama akiwa ameingia chumbani kwake, nilichuchumaa na kuchota majivu kwa kijiko. Nikaongeza boksi lililolowa. Kila asubuhi yeye aliyarudisha. Tuliendelea hivyo, yeye na sufuria, mimi na kijiko, na katikati minyoo wakipungua. Nilihamishia beseni nyuma ya tangi la maji. Akalifuata. Nikaweka tofali juu ya sinia. Nikalikuta tofali limewekwa pembeni, tena limefutwa vumbi.

Nilianza kumkasirikia, kusema kweli. Kimyakimya, kazini, nikikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyostahili.

Juzi asubuhi ikatoka siri yote. Nilikuwa navaa viatu nikamsikia anaongea na tetea kwa sauti ya kuridhika. Alisema kwa Kisukuma, hapa natafsiri.

"Kuku, umeona? Takataka za mwenye nyumba zilikuwa zimeingiwa na minyoo. Wengi! Mimi nikaona haya kumwambia. Fundi wa watu, mtu safi, utamwambiaje kwamba nyumbani kwake mnatambaa wadudu? Nikasema nitamtilia majivu kidogo kidogo, kama tunavyotilia chooni, wafe bila yeye kuaibika. Leo wamekwisha. Pako safi sasa."

Nilikaa na kiatu kimoja mguuni.

Kumbe alikuwa ananisitiri. Mguu unamuuma, kila asubuhi anauburuta na sufuria ya majivu, ili mimi nisijue kwamba nina aibu. Na mimi kila jioni nachuchumaa na kijiko ili yeye asijue kwamba amekosea. Hasira yangu yote ikaondoka.

"Mwambie mama, wabeja," nikasema. Asante. Ningesema nini kingine?

Nikaenda kazini nikashona mkono wa kulia wa shati kwenye bega la kushoto.

Nilikata shauri jambo liishie pale. Funika kombe mwanaharamu apite. Ningesubiri mguu upone, au mama azoee, kisha siku moja ningeanza upya kwa kopo jingine la minyoo, mahali pengine, kibandani labda. Mama angebaki na furaha yake. Niliona huo ndio wema.

Leo mchana Milembe akarudi.

Alikuwa na furaha, ana habari za mtoto, ana viazi vitamu kwenye mfuko. Akazunguka nyuma kutupa maganda ya ndizi aliyokula njiani, akafunua beseni. Nilikuwa upande wa mbele, sikuwahi.

"Baba Limi! Minyoo wako wamekwenda wapi? Mbona humu kumekuwa kama jikoni kwa mganga?"

"Minyoo wake?" mama akauliza kutoka jikoni. "Wake kivipi?"

"Si anawafuga, mama. Ndio wanaotengeneza mbolea ya huu mchicha unaokula kila siku."

Nikasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini. Kisha mlango wa chumba cha uani.

Alipotoka alikuwa na mfuko wake wa shangazi kaja, umefungwa zipu, na kanga ya safari begani. Akakaa kwenye kigoda karibu na geti, akamwambia Milembe aite bodaboda, gari la Maswa bado halijaondoka. Milembe akaanza kulia pale pale. Alimwambia mama kwamba sijakasirika, kwamba ni minyoo tu, kwamba mguu bado.

"Nimemuulia mkwe mifugo yake," mama akasema. "Hapa nitakaa kwa sura gani?"

Nikakohoa, nikasogea. Tetea alikuwa anaparua karibu na geti. Nilidhani nina dawa.

"Kuku, mwambie mama asijisumbue. Majivu nilikuwa nayaona tangu mwanzo. Nilikuwa nayatoa jioni. Sikuona vibaya hata kidogo."

Mama akageuka. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunitazama usoni, na leo alinitazama.

"Alikuwa anaona?" akamuuliza Milembe, macho yake yakiwa kwangu. "Nakosea kila asubuhi, na mtu ananitazama dirishani ananyamaza? Milembe, mumeo amenifanya mgeni. Mtu wa nyumbani anaambiwa: mama acha, unaharibu. Mgeni ndiye anayeachwa aharibu, akiondoka watu wanafagia."

Yalinichoma, maana ni kweli.

Nilikuwa nimemsitiri kama anavyositiriwa mtu anayepita tu. Nilikuwa na dawa ya kumfanya abaki, nikawa namnyima kila siku, halafu najiita mpole. Milembe naye aliniapisha nisiseme neno, kwa nia njema kabisa, na kwa nia hiyo hiyo tulikuwa tunamsindikiza mama stendi sisi wenyewe.

Sikufikiri sana. Kama ningefikiri nisingefanya. Nilikwenda nyuma, nikalibeba lile beseni zima, majivu na vyote, nikalitua katikati ya ua mbele ya kigoda chake.

"Mama," nikasema. Nilimwambia yeye mwenyewe. Sauti ilitoka nyembamba. "Majivu hayatakiwi humu. Yanawachoma. Na yale maganda ya vitunguu uliyotupa humu juzi, hayo nayo hapana. Umeniharibia, mama. Sasa njoo unisaidie tutafute waliobaki, mimi macho yangu yamekwisha na sindano."

Milembe aliziba mdomo kwa mkono. Nadhani hata bodaboda angefika wakati ule angezima pikipiki.

Mama alilitazama beseni. Kisha akasema, "Kumbe unaweza kusema."

Akainuka. Akauacha mfuko pale kwenye kigoda, akajifunga kanga ya safari kiunoni, akaja akakaa chini upande wa pili wa beseni, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

Tulitandika gunia, tukaanza kuchambua. Mwanzoni kila mtu alibaki upande wake, nusu ametazama kando, vidole vikiogopa kukutana. Yeye amechambua pamba tangu msichana, safi huku, fifi, ile chafu, kule, na mikono yake iliingia kazini bila kuulizwa. Mimi nilikuwa bado natafuta nusu yangu, yeye ameshaingia kwenye nusu hiyo. Nikaona vidole vyetu vinne, sita, vimo kwenye bonge moja la udongo, na hakuna aliyevitoa. Nilifurahi. Sioni haya kuandika hivyo.

Chini kabisa, pale boksi lilipobaki na unyevu, tukawakuta. Wachache, wembamba, lakini wanajikunja.

"Huyu yu hai," mama akasema, akamweka mwenyewe kwenye kiganja changu.

Halafu akaokota punje ndogo ya njano. "Na mtama huu umeingiaje humu?"

"Si mtama, mama. Ni yai. Mle ndani kuna watoto."

Akaisogeza karibu na macho, akaitazama sana. Tangu hapo hakuruhusu udongo uende upande wa kutupa bila kuupitia mara ya pili. Alinikaripia nilipotupa bonge haraka. Akaniuliza wanakula nini, kwa nini viazi ndiyo na vitunguu hapana, wanalala saa ngapi.

Kisha akaanza kunitania, jambo ambalo sikujua kama nitaliona duniani. "Baba Limi, ng'ombe walikushinda? Baba yako alileta ng'ombe kwangu ndipo ukampata Milembe. Wewe utaozesha mwanao kwa minyoo?"

"Nitapokea minyoo pia, mama, wakiwa wanono."

Alicheka hadi akashika mguu wake. Milembe alikuwa amekaa mlangoni na viazi vyake, anamenya na kulia kwa wakati mmoja, maganda akiyakata madogomadogo.

Tulipomaliza tulikuwa na kiganja kimoja cha minyoo na kifuniko cha soda kilichojaa mayai. Tukawalaza kwenye boksi jipya lililolowa, na samadi kuukuu kidogo. Mama akalikamua gunia mwenyewe, akaniuliza kama unyevu unatosha. Nikamwambia bado, limekauka mno. Akalichovya tena.

"Watachukua muda gani kujaa kama mwanzo?"

"Tukiwatunza, Krismasi. Labda zaidi."

Akahesabu kitu kwa vidole vyenye udongo. Kisha akajipangusa mikono.

"Basi mapapai yangu kule Malampaka, mwaka huu jirani atayala yeye."

Milembe aliubeba ule mfuko akaurudisha chumbani, na mimi nikaja huku barazani kwa sababu sikutaka waone uso wangu.

Chai imepoa. Kesho baada ya ibada nitamwonyesha mama pembe ya kufukia maganda, na namna ya kupima unyevu kwa kukamua udongo mkononi. Akikosea, nitamwambia.